“Scheme”: mwongozo kamili wa kukitumia kitenzi hiki bila kujiponza

Katika ofisi ya walimu mjini Kakamega, wiki ya kwanza ya muhula, sentensi “I am scheming” haimshtui mtu. Mwalimu ana maana kwamba anaandaa azimio la kazi: anaigawa silabasi kwa wiki na vipindi, anaandika shabaha na vifaa. Ikitoka ofisini humo na kuingia kwenye barua pepe inayokwenda kwa msomaji wa London au Chicago, sentensi hiyo hiyo inageuka maungamo. Msomaji huyo ataelewa kwamba mwandishi anakula njama.

Kosa hili halitokani na uvivu wa kufungua kamusi. Linatokana na kuamini kwamba kitenzi kimerithi usafi wa nomino yake. Nomino “scheme”, kama tuizoeavyo Kenya, ni safi. Kitenzi “to scheme” kina doa, na doa hilo humpaka yule unayemtaja. Makatibu wa vyama, walimu, watahiniwa wa KCSE (mtihani wa mwisho wa sekondari Kenya), wakalimani na wanahabari wote hukitumia, na kila mmoja anaweza kuumiza mtu au kuumia mwenyewe asipojua kinabeba nini.

Hatua ya kwanza: jua kama unaishika nomino au kitenzi

Nomino ilianzia kwenye neno la Kigiriki lenye maana ya umbo au sura, ikapitia Kilatini hadi Kiingereza. Katika Kiingereza cha Uingereza, ambacho ndicho kilichotulea, ni mpango uliopangwa rasmi. “Pension scheme” ni mpango wa pensheni. “Irrigation scheme” ni kama ile ya Ahero, kwenye uwanda wa Kano, inakolimwa mpunga. “Settlement scheme” ni mashamba ya walowezi yaliyokatwakatwa na kugawiwa wakulima kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1960, na ndiyo sababu hadi leo ukiwa Lugari utasikia mtu akisema anatoka “skimu” bila aibu yoyote. Hana cha kuonea aibu, anataja mahali.

Marekani mambo ni tofauti kidogo. Huko hata nomino yenyewe mara nyingi inanuka ulaghai. Kuna “Ponzi scheme”, iliyobeba jina la Charles Ponzi aliyewalaghai watu mjini Boston mwaka 1920 kwa kuwalipa wawekezaji wa kwanza kwa pesa za waliofuata. Kuna pia “pyramid scheme”, ambayo sisi tunaiita upatu. Kwa hiyo ukimwandikia Mmarekani kuhusu “our new savings scheme”, badilisha useme “savings plan” au “savings program”. Ukimwandikia Mwingereza au Mkenya mwenzako, iache ilivyo.

Kitenzi kilikuja baadaye, katika karne ya 18, na ukiacha ofisi za walimu wetu, maana yake ya leo ni moja kote, Uingereza, Marekani na Kenya: kupanga kwa hila, kwa siri, ili kupata jambo ambalo lingezuiwa kama lingefanywa hadharani.

Namna ya kuvitambua ni rahisi. Tazama kilicho mbele ya neno na kilicho nyuma yake. Likitanguliwa na “a”, “the”, “this” au “our”, hiyo ni nomino. Likitanguliwa na mtendaji na kufuatwa na “to”, “against” au “for”, hicho ni kitenzi, na hapo ndipo uanze kuwa mwangalifu.

Kuhusu walimu: mkiwa wenyewe ofisini, semeni mpendavyo, mnaelewana. Ikiwa ni ripoti, barua ya maombi ya kazi au mahojiano, andika “I am preparing my schemes of work” au “My schemes of work are ready”. Hapo nomino imebaki nomino na hakuna atakayeuliza unamlia nani njama.

Hatua ya pili: litamke na liandike sawasawa

Wengi huipita hatua hii mbio, nayo ndiyo iliyoficha kosa baya kuliko yote.

“Scheme” ni silabi moja. Herufi “ch” hapa hutamkwa kama “k”, kama katika “school” na “chemist”, si kama “ch” ya chai. Irabu ni ndefu: “skiim”. Kiswahili hakitenganishi irabu hii ndefu na ile fupi namna Kiingereza kinavyozitenganisha, kwa hiyo mzungumzaji huifupisha bila kujijua na kusema “skim”.

“Skim” ni neno jingine kabisa. Maana yake ya kwanza ni kuengua, kama unavyoengua malai juu ya maziwa. Maana nyingine ni kupitisha macho juu juu kwenye maandishi. Na kuna maana ya tatu, ile ya kutisha: kuchota pesa kidogo kidogo kutoka kwenye mapato kabla hazijaandikwa vitabuni. Linganisha:

“The treasurer was scheming.” Mweka hazina alikuwa akipanga hila.

“The treasurer was skimming.” Mweka hazina alikuwa akidokoa pesa.

Sentensi ya kwanza inamshutumu kwa nia. Ya pili inamshutumu kwa wizi. Mbele ya kikao cha wanachama, tofauti ya irabu moja inaweza kumpeleka mtu polisi.

Kwenye maandishi, kosa hilo hujitokeza kama “schemming”, lenye m mbili. Kanuni yake ni hii: “skim” ina irabu fupi na konsonanti moja mwishoni, kwa hiyo m hurudiwa, tukapata “skimming” na “skimmed”. “Scheme” inaishia kwa e isiyotamkwa, kwa hiyo e huondoka mbele ya “-ing” na m hubaki moja: “scheming”. Wakati uliopita ni “schemed”, na mtendaji ni “schemer”. Fomu ni hizo tu. Hakuna ya kukariri zaidi.

Hatua ya tatu: pima tendo kwa maswali matatu

Kabla hujaandika kwamba fulani “schemed”, jiulize haya. Je, kulikuwa na mpango wenye hatua zaidi ya moja, au lilikuwa tendo la ghafla? Je, mpango ulifichwa kwa wale uliowahusu? Je, aliyepanga alikuwa akijinufaisha kwa njia ambayo wengine wangeipinga kama wangeijua? Majibu yote matatu yakiwa ndiyo, kitenzi kinakaa. Moja likikosa, tafuta kitenzi kingine.

Chukua mifano ya sokoni. Mama anayeuza samaki katika soko la Jubilee, Kisumu, akiteremsha bei saa kumi na mbili asubuhi ili avute wateja kabla wenzake hawajafika, huyo anafanya biashara mchana kweupe. Kiingereza chake ni “She undercut the others”. Hakuna siri, kwa hiyo hakuna “scheme”. Wachuuzi watatu wakikubaliana kimya kimya kwamba mgeni aliyekuja juzi asiuziwe barafu ili samaki wake waharibike na ahame mwenyewe, hapo kuna mpango, kuna siri na kuna faida inayotokana na hasara ya mwingine: “They schemed to drive the newcomer out.”

Naye dereva wa boda anayeruka foleni ya abiria kwa kujifanya ameitwa kwa simu? Huo ni ujanja wa dakika moja. Kiingereza chake ni “He tricked the others” au “He jumped the queue”. “Scheme” inahitaji muda wa kupikika.

Swali la siri ndilo linalopuuzwa zaidi. Kwenye mizozo ya kisiasa utasikia kundi limetangaza mbele ya kamera kwamba litamng’oa kiongozi fulani, kisha mwandishi anaandika “they are scheming to remove him”. Kama wametangaza, hawafichi. Andika “they are campaigning to remove him” au “they have vowed to remove him”. Ukiandika “scheming” umemwambia msomaji kwamba kuna la kufichwa, na utatakiwa uonyeshe lililofichwa.

Hatua ya nne: kipange kitenzi kwenye sentensi

Kitenzi hiki kina miundo michache, nayo haivumilii kubadilishwa.

“Scheme to” hufuatwa na kitenzi na hutaja lengo: “They schemed to delay the elections.” Walipika njama ya kuchelewesha uchaguzi.

“Scheme against” hutaja anayelengwa: “His own brothers were scheming against him.” Ndugu zake wenyewe walikuwa wakimchimbia shimo.

“Scheme for” hutaja kinachotamaniwa: “He had been scheming for that post since January.” Tangu Januari alikuwa akikisukia hila cheo kile.

“Scheme with” hutaja mshirika na aghalabu huandamana na “to”: “She schemed with a clerk to hide the file.” Alishirikiana na karani katika hila ya kuficha faili.

Upo pia muundo mmoja wenye ladha, unaofaa hadithi na makala: “He schemed his way into the committee.” Aliingia kamati kwa hila, hatua kwa hatua. Muundo huu una jambo la pekee ambalo tutalirudia hapa chini.

Sasa makosa. Linaloongoza ni “I was schemed”, na lina mantiki kamili kwa anayewaza kwa Kiswahili. Mtaani tunasema “nilipangwa”, “wamenipanga”, “nimechezwa”. Kiswahili kinamfanya mtu awe shamirisho, na kauli ya kutendwa inatoka bila shida. Kiingereza kinakataa, kwa sababu “scheme” haimshiki mtu moja kwa moja. Inamfikia kupitia “against”. Sema “They schemed against me”. Ukitaka kulenga tokeo, yaani kwamba ulinasishwa, sema “I was set up”. Na kama ulilaghaiwa pesa, sema “I was conned” au “I was cheated”. Sentensi “I was schemed against” ni sahihi kisarufi lakini ni nzito mdomoni. Iwekee matukio adimu.

Kwa sababu hiyo hiyo “They schemed me” ni kosa, na “They are scheming the money of members” ni kosa pia. Pesa haziwezi kufanyiwa “scheme”, mtu hupanga hila ya kuzichukua: “They are scheming to take the members’ money.”

La pili ni “They schemed that they would remove him.” Kitenzi hiki hakichukui “that”. “Agree” huchukua, “plan” huweza kuchukua, “scheme” haichukui. Rudi kwenye “to”. Ukishindwa kuingiza “to” kwa sababu mtendaji wa pili ni mtu mwingine, tumia “to get” au “to have”: “They schemed to have him transferred.” Walifanya hila ili ahamishwe.

Hatua ya tano: usiseme jambo lilifanikiwa kama hujasema

Sentensi “He schemed to remove the chairman” haisemi kwamba mwenyekiti aliondolewa. Inasema alipanga na akafanya juhudi. Mwenyekiti huenda bado amekalia kiti chake. Kiswahili kiko hivyo hivyo: “alikula njama ya kumwondoa mwenyekiti” bado haijatuambia kama alimwondoa. Lakini wasomaji wengi hudandia hitimisho, na waandishi wengi huwaacha wadandie. Katika kumbukumbu za mkutano jambo hili ni hatari, kwa kuwa mwaka unaofuata atakuja mtu asiyekuwapo na kuzisoma kama ukweli wa tukio.

Kama hila ilifaulu, ongeza tokeo waziwazi: “He schemed to remove the chairman, and in March the chairman lost his seat.” Au tumia kitenzi ambacho tokeo limo ndani yake. “Schemed his way into” ni cha namna hiyo: ukisema mtu “schemed his way into the committee”, tayari yumo ndani ya kamati. “Outwit” pia, na “wangle”, tutakavyoona.

Kuhusu nyakati, kitenzi hiki hupenda kuendelea. “Was scheming” na “had been scheming” huonyesha jambo lililokuwa likipikwa taratibu, na ndivyo hila zilivyo. Fomu ya “always scheming”, kama katika “He is always scheming”, inaongeza lawama: daima yuko kwenye vitimbi vyake. Wakati uliopo sahili, “He schemes”, ni hukumu juu ya tabia nzima ya mtu. Ukiweza kuepuka hukumu hiyo, epuka. Tarehe moja na tendo moja hubishaniwa kidogo kuliko tabia.

Hatua ya sita: wajue majirani wake

Hapa ndipo penye utajiri, na ndipo Kiswahili kinapotusaidia, kwa kuwa nacho kimetenga vivuli hivi vizuri.

“Plot” iko karibu zaidi na “scheme”, ila ni nzito na yenye giza. Watu “plot” mauaji, mapinduzi, kisasi. “Scheme” inatosha kwa vyeo, urithi, zabuni na ndoa. Kusuka njama na kupika njama huelekea “plot”. Kufanya hila na vitimbi huelekea “scheme”. Ukiandika kwamba majirani “plotted” kuhamisha mpaka wa shamba, umeongeza chumvi.

“Conspire” inahitaji watu wawili au zaidi. Mtu mmoja hawezi kufanya “conspire” peke yake, lakini anaweza kufanya “scheme” usiku kucha akiwa kitandani. Tena ni neno la mahakama: Kanuni ya Adhabu ya Kenya ina kosa la kula njama ya kulaghai katika kifungu cha 317. Kwa hiyo kusema watu “conspired to defraud the members” ni kutaja kosa la jinai kwa jina lake. Kama hukukusudia kwenda mahakamani, usilitumie kwa hasira tu.

“Connive” ndiyo inayotumiwa vibaya zaidi Kenya. Asili yake ya Kilatini ni kufumba macho, na kwa bahati njema Kiswahili kina picha hiyo hiyo: kufumbia macho uovu. “Connive at” ni kuona kosa na kujifanya hukuliona. “The guards connived at the smuggling”: walinzi waliufumbia macho ule ulanguzi. “Connive with” ni kushirikiana na mtu kisirisiri. Mtu aliyeongoza hila hafai kuelezwa kwa “connive” peke yake, maana msomaji makini atadhani alinyamaza tu.

“Contrive” ni ya ufundi. Inaweza kuwa ya sifa: “She contrived a stove out of an oil drum”, alibuni jiko kutoka kwa pipa la mafuta. “Contrive to” humaanisha kufanikiwa kwa njia fulani, na wakati mwingine kufanikiwa kuharibu: “He contrived to miss both buses.”

“Devise” haina doa kabisa: kubuni, kutunga mpango. Ni kimbilio la kila katibu anayetaka kusifu. “The committee devised a plan to clear the drains in Nyalenda.” Angalia tahajia: kitenzi kina s inayotamkwa kama z, na nomino “device” ina c.

“Wangle”, ya Waingereza, na “finagle”, ya Wamarekani, ni kupata kitu kwa kona, kwa kujuana au kwa maneno matamu. Ni maneno mepesi ya mazungumzo, na tokeo limo: “He wangled a ticket” maana yake tiketi anayo mkononi. Yaondoe kwenye barua rasmi.

“Outwit”, “outsmart” na “outfox” ni kumzidi mtu akili. Hapa mtu anakuwa shamirisho moja kwa moja, na mshindi husifiwa. Ngano zote tulizosimuliwa jioni, sungura akimwacha fisi na mfupa mtupu, ni za “outwit”. Mwanafunzi akiandika “The hare schemed the hyena” amekosea mara mbili: ameharibu sarufi, na amempaka sungura doa ambalo msimulizi hakukusudia. “The hare outwitted the hyena” inatosha. Kwa Kiswahili: sungura alimzidi fisi ujanja.

Hatua ya saba: ukitoka kwenye Kiswahili, usikimbilie “scheme”

Wakalimani wa mikutano na wanahabari wa redio hufanya kazi hii papo kwa papo, na “scheme” huwa kama kapu la kutupia kila neno baya. Tenganisha.

“Anatuchimba” mara nyingi ni “He is undermining us”. Huenda anafanya hivyo waziwazi. “Analeta fitina” ni “He is sowing discord”, maana fitina hugonganisha watu na si lazima iwe na mpango wa kujinufaisha. “Wamehujumu mradi” ni “They sabotaged the project”, na tendo tayari limefanyika. “Amezua” ni “He made it up”. “Wametuwekea mtego” ni “They have set a trap for us”. “Wanakula njama” ndiyo inayogawanyika: wakiwa wengi na jambo likiwa zito, “They are plotting” au “They are conspiring”, likiwa jambo la vyeo na maslahi, “They are scheming”.

“Kupanga” ndilo neno la kuchungwa kuliko yote. Kwa mzee, “wamepanga” ni “They have planned”. Kwa kijana wa Kondele, Kisumu, au wa mjini Nakuru, “wamempanga” huenda ni “They have conned him” au “They have fed him a story”. Kiambishi cha mtendwa ndicho kinachogeuza: kupanga jambo ni kitu kimoja, kumpanga mtu ni kingine. Mkalimani asiyesikia “-m-” hiyo atatafsiri ulaghai kama ratiba.

Hatua ya nane: tengeneza barua ya malalamiko

Tuchukue aya ya mfano ya aina ambayo huandikwa mara kwa mara katika vikundi vya akiba:

“The treasurer and the secretary schemed that they remove me. I was schemed since January. They are schemers who are scheming the money of members.”

Sentensi tatu, na “scheme” imeingia mara nne. Anza kwa kuondoa zote, kisha uulize: nini kilitendeka? Tuseme majibu ni haya: tarehe 14 Februari maafisa hao wawili walikutana bila kumwarifu mwenyekiti; siku hiyo hiyo waliandikia benki wakitaka watia sahihi wabadilishwe; wanachama hawakuitwa. Hayo ndiyo matofali ya barua. Yaandike kwanza, kwa tarehe:

“On 14 February the treasurer and the secretary met without informing me. On the same day they wrote to the bank asking it to change the signatories. No members’ meeting had been called.”

Sasa, na si kabla, kitenzi kinaweza kuingia mara moja, kikiwa kimefungwa kwa maneno yanayoonyesha kwamba ni maoni yako:

“I believe they were scheming to remove me from office.”

Tazama kilichobadilika. “Schemed that” imekuwa “scheming to”. “I was schemed” imetoweka, kwa kuwa matukio yameeleza kwamba mlengwa ni mwandishi. “Schemers” imeondoka kwa sababu ni jina la kumvisha mtu milele, wakati ushahidi uliopo ni wa siku moja. Na suala la pesa limeachwa nje kabisa: hakuna shilingi iliyoonyeshwa kupotea. Kama ipo, iandikiwe aya yake, yenye kiasi na tarehe.

Hii si adabu tu. Kenya ina Sheria ya Kashfa, Sura ya 36, na barua iliyosambazwa kwa wanachama 40 kwenye WhatsApp si barua ya siri tena. Anayesema “walikutana tarehe 14” anaweza kuthibitisha. Anayesema “ni schemers” ana kazi ya kuthibitisha mioyo ya watu.

Kwa watahiniwa: “scheming” kama sifa ya mhusika

Kwenye karatasi ya tatu ya Kiingereza, 101/3, na kwenye maswali ya dondoo katika 101/2, watahiniwa hupenda kuandika “He is scheming” wanapoulizwa sifa za mhusika. Kivumishi kinakubalika, ila kina gharama: ukikitaja, mtahini anategemea kuona mpango. “Cunning” na “crafty” zinaridhika na ujanja wa mara moja. “Sly” inataka usiri. “Shrewd” ni sifa nzuri, ya mtu mwenye jicho kali la biashara, na haifai kwa mhusika mwovu isipokuwa unataka kusifu akili yake. “Manipulative” humfaa anayewachezea wengine hisia. “Scheming” inataka hatua angalau mbili zinazoelekea lengo moja lililofichwa.

Kwa hiyo andika sifa, kisha hatua ya kwanza, hatua ya pili, na lengo: “He is scheming. He befriends the old man only after learning about the land, and then he hides the son’s letters so that the old man will believe himself abandoned. All this he does to inherit the farm.” Ukigundua huna hatua ya pili ya kuandika, sifa uliyoishika si hiyo, futa “scheming” uandike “cunning”, na mfano wako mmoja utatosha.

Kuna tahadhari moja zaidi. Kwa muda mrefu Waingereza wamekibandika kivumishi hiki kwa wanawake kwa wepesi: mwanamke mwenye azma huitwa “scheming”, mwanamume wa tabia hiyo hiyo huitwa “ambitious”. Mhusika wa kike anayepigania haki yake ya urithi mbele ya wazee wote, bila kuficha lolote, hafiki popote karibu na “scheming”. Mwite “determined”, na uonyeshe ukurasa aliposimama akasema.